Gari la Kumlaza Mzee

Matroni hakukaa kiti cha mbele hata siku moja. Gari liwe la nani, dereva amfungulie mlango wa mbele kwa heshima zote, yeye alizunguka nyuma, akafungua mwenyewe, akavua kandambili zake na kuziacha vumbini, kisha akalala. Alilala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, mkono mmoja chini ya shavu na mwingine umeshika kikombe cha bati chenye maji nusu. "Twende mpaka kwenye reli, halafu tugeuze," alisema. "Na usinikwepeshee mashimo. Pita kama unavyopita siku zote."

Hapa mtaani kwetu Ifakara watu walicheka sana. Mgeni akija na gari dogo la kifahari kutoka Dar es Salaam au Morogoro, iwe kwa msiba, kwa harusi au kwa biashara ya mchele, hakuwahi kumaliza chai yake kabla Matroni hajapiga hodi na kikombe mkononi. Wapo waliodhani amerukwa na akili. Wapo waliosema ni tamaa ya mtu aliyestaafu na mafao yake yako benki yanamwasha. Mimi ni jirani yake. Mashine yangu ya kukoboa mpunga inapakana na uwanja wake, na kwa kuwa zamani niliendesha malori, wageni wengi walinipa mimi funguo nimzungushe. Kwa hiyo nilijua mapema kwa nini mama mtu mzima analala kwenye magari ya watu. Alikuwa analala kwa niaba ya mumewe.

Mumewe tulimwita Mzee, basi. Mpogoro wa Mahenge, fundi seremala, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uisogelee. Alirushwa kutoka juu ya lori la mpunga njia ya Kiberege, lori lilipoingia shimo, akaangukia mgongo. Hakufa, lakini tangu hapo hakuweza kukaa, na kila mtikisiko ulimchoma hadi akatoa sauti ambayo hata mashine yangu haikuweza kuifunika. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: afike kwao Mahenge angali hai, alale usiku mmoja amejifunika blanketi. "Huku ni joto tu," aliniambia kila nilipoingia kumjulia hali. "Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Nimeshasahau blanketi mwilini likoje." Matroni alikuwa amemwahidi kwamba atamfikisha, tena bila kumuumiza. Ahadi ingeishia kwenye kumfikisha tu, leo nisingekuwa naandika haya.

Jina la Matroni lilitokana na kazi yake hospitalini, na hata alipostaafu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Wauguzi aliowafundisha, ambao baadhi yao sasa nao wana wajukuu, wakikutana naye sokoni walificha simu kwanza, ndipo wakasema shikamoo. Inasemekana wodini hakukuwa na kitanda ambacho hakuwahi kukilalia. Godoro jipya likiletwa, alivua viatu, akapanda, akajigeuza huku na huku mbele ya watu waliolileta. "Ninyi mnalitazama godoro," aliwaambia. "Mgonjwa halitazami." Wengine walimwona mkali bila sababu, lakini wagonjwa wake hawakupata vidonda vya mgongoni, na hilo wanalikumbuka mpaka leo. Alipoanza kutafuta gari, alilitafuta kama godoro. Hakujua namna nyingine ya kukipima kitu atakacholalia mtu.

Magari hayo aliyagawa kwa makabila. Kulikuwa na Mjapani, kulikuwa na Mjerumani, na kulikuwa na Mswidi ambaye alimpata mara moja tu, gari la mgeni mmoja wa mradi wa kilimo, akaendelea kumtaja kama ndugu aliyehamia mbali. Mjapani, alinieleza, ana kiti laini na kiyoyozi chake kinafika nyuma, lakini kiti kimeinuliwa pembeni, mtu akilala nyonga inazama na mgongo unapinda. Mjerumani kiti chake kimenyooka, jambo zuri, ila matairi yake membamba, kokoto unazisikia kwenye meno. Mswidi mlango wake wa nyuma unafunguka kwa upana, watu wawili wanamwingiza mgonjwa bila kumkunja. Lakini likiharibika, vipuri utavitoa wapi? Viti vya ngozi, ambavyo wenye magari walikuwa wakivisifia, hakuvitaka kabisa. Kwa joto letu mgonjwa ananata navyo, na breki ikikamatwa anateleza. Na lile tuta la katikati ya sakafu alilichukia kuliko vyote, kwa sababu anayemshika mgonjwa hana pa kuweka miguu.

Tukirudi, alitazama kikombe, akapapasa khanga yake kifuani kuona maji yamemwagika kiasi gani, kisha akatoa hukumu. Alikuwa nazo mbili. "Hili linambembeleza," au "Hili linamuumiza." Hakusema linambembeleza nani, na mwenye gari alibaki ananitazama mimi.

Mwenyewe hakupenda anasa. Alitembea kwa miguu mpaka sokoni na kurudi, jua la mchana, mji huu ambao kila mtu ana baiskeli, na ukimpa lifti alikataa kama umemtukana. Vijana waliokuja na magari ya kung'aa wakati wa Krismasi aliwasema vibaya kanisani na nje ya kanisa. Halafu jioni unamkuta amelala nyuma ya gari lilelile. Kuendesha hakujua, wala hakutaka kujua. Na kitu kingine, ambacho mimi kilinitesa zaidi nilipokuja kukifikiri: hakuna mtu Ifakara nzima aliyekuwa adui wa kungojangoja kuliko yeye. Mama mmoja wa mtaa wa pili alichelewa kumpeleka mtoto hospitali kwa kumsubiri mume arudi shamba. Matroni alimfokea barabarani mbele za watu, mpaka yule mama akalia. "Ugonjwa umekwambia utakusubiri? Umekwambia lini?" Nilikuwepo. Nilimwona ana haki.

Mpwa wake wa Dar es Salaam, kijana wa mjini, alimshauri akodi. "Shangazi, siku hizi hununui gari, unakodi tu. Kuna jamaa wanatoa hizi gari kali na dereva wake, siku tatu nne, unampeleka mzee, unarudisha, mchezo umeisha. Ukitaka hata mkataba wa mwaka wanatoa." Ushauri haukuwa mbaya. Matroni akapiga simu, mimi nikiwa pale. Hakuuliza bei. Aliomba kuongea na dereva, akamwuliza: "Mwanangu, ukikuta shimo mbele yako unafanyaje?" Dereva akamjibu kwa uchangamfu kwamba asiwe na wasiwasi, gari lina shoki nzuri, yeye anapita tu. Matroni akakata simu. "Gari la kukodi lina haraka," alisema. "Dereva anawaza kurudi." Tukacheka wote wawili, na Mzee akacheka kule ndani, kisha tukamsikia ameshika pumzi kwa sababu kucheka nako kulimuuma.

Mimi nilimwambia ukweli tangu mwanzo. Nimeipanda ile njia na lori, naijua. Ukishavuka mto unaanza kutafuta mlima, na njia ilikuwa ya udongo; kiangazi mawe na vumbi, masika tope linalomeza ekseli.

"Matroni, kwa nini usitafute gari la juu? Njia ya Mahenge ni ya magari ya juu."

"Gari la juu linarusha."

"La chini litakwama. Litakalia tumbo pale kwenye mawe, na huyo mgonjwa wako mtamshusha juani."

"Lami inakuja, Baba Neema."

Na lami ilikuwa inakuja kweli. Hilo ndilo lilikuwa balaa letu. Ingekuwa haiji, watu wangeishi na njia waliyonayo. Lakini tuliona vigingi, tuliona katapila, tuliona vijana wetu wamevaa vizibao vya njano. Kazi ikaanza, ikasimama, ikaanza tena, na sisi tukajifunza kupanga maisha kwa kitu ambacho hakijafika. Nyumba itapakwa rangi lami ikifika, maana sasa vumbi. Binti ataolewa lami ikifika, maana wakwe wanatoka mbali. Mimi mwenyewe nilichelewa kununua mashine kubwa. Matroni naye akawa anachagua gari la barabara ambayo haipo, na mgonjwa yuko ndani, kwenye barabara iliyopo. Nikilifikiria neno lile "inakuja", mpaka leo nasikia hasira ambayo sijui nimwelekezee nani.

Mara moja bahati ilikuja mpaka mlangoni. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe zake upande wa Mofu, aliuza baadhi akajinunulia Mjerumani mweupe. Watu walimsema, kama kawaida. Walisema atabebea ndama. Alikuwa mtu mpole kuliko wote waliomcheka. Alisikia habari za Matroni sokoni, akaja mwenyewe, kiangazi kikiwa katikati, akaegesha pale uani na kuvua kofia.

"Shikamoo, mayu," alisema, hivyo ndivyo wanavyomwita mama kwao. "Nimesikia unatafuta gari la kumlaza mzee. Hili hapa. Chukueni hata kesho, sasa hivi njia imekauka. Huyu jirani ataendesha. Mimi nina pikipiki, sitapata shida."

Matroni alimshukuru sana. Akaenda kuchota maji, akalala nyuma, nikaendesha mpaka kwenye reli. Naapa sijawahi kuendesha gari kwa uangalifu kama siku ile. Nilivunja amri yake, nilikwepa kila shimo nililoweza. Tuliporudi, khanga yake ilikuwa imelowa mpaka tumboni.

"Linamuumiza," alisema.

Yule mfugaji hakukasirika. "Litamuumiza, mayu," alisema, "lakini litamfikisha."

Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Sauti ya Mzee ikatoka, ile ya chini, tukanyamaza wote ili tumsikie. "Mama, twende tu. Nitauma kitambaa."

Matroni alisimama na kikombe chake kitupu. Nilimwona usoni anataka kusema ndiyo. Halafu akasogea dirishani na kuongea na mumewe kwa sauti aliyokuwa akiitumia wodini, ile ambayo mgonjwa habishani nayo. "Hapana, Baba. Sijauguza watu maisha yangu yote ili wewe nikusikie unalia njia nzima. Wanasema lami iko karibu. Ngoja kidogo nikupatie linalokufaa."

"Haya," alisema Mzee.

Mfugaji akavaa kofia yake, akasema gari lipo, siku yoyote wamwite. Nilimkasirikia Matroni siku ile, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi. Nilirudi kwenye mashine nikakoboa mpunga wa watu.

Masika yalikuja mapema na yalikuja na nguvu. Bonde lilijaa, magari ya Mahenge yakawa yanalala njiani. Mzee akapata kichomi, kile kinachowapata watu wanaolala muda mrefu, na mikono yote ya Matroni na ujuzi wake wote havikutosha. Alikufa asubuhi, mashine ikiwa inafanya kazi. Nilisikia Matroni anaita jina langu mara moja tu, nikazima.

Tulimpeleka kwao kwa gari la kukodi, la juu, lile la aina aliyoikataa. Hakuna jingine ambalo lingepita. Ndugu walimwekea Matroni kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kama inavyostahili mjane. Alizunguka nyuma. Akapanda tulipokuwa tumeliweka jeneza, akakaa sakafuni, miguu ameikunja kwa sababu hapakuwa na nafasi, nami nikakaa upande wa pili. Gari lilipoanza kuruka, aliweka kiganja juu ya kifuniko akasema, "Pole, Baba." Likaruka tena. "Pole, Baba. Pole." Alisema hivyo tangu darajani mpaka juu mlimani, kila shimo, hakukosa hata moja. Mahali tulipokwama, wanaume tukashuka kusukuma, matope mpaka magotini, na kila gari liliposogea na kurudi nilimsikia mle ndani anaomba msamaha. Nimewahi kuzika wazazi wangu wote wawili. Sijawahi kulia kama nilivyolia nikisukuma lile gari.

Mahenge kulikuwa na ukungu na baridi. Ndani ya jeneza Matroni alikuwa amemfunika Mzee blanketi. Alilinunua Ifakara, sijui duka gani.

Nilidhani habari za magari zimekwisha pale. Hazikwisha. Ulipopita muda wa kuomboleza, akaja mgeni na gari zuri, na kabla ya chai kwisha nikasikia hodi. Sasa hakuna aliyecheka. Wenye magari walinong'onezwa, wakatoa funguo bila kuuliza, na mimi nikamwendesha mpaka kwenye reli na kumrudisha, na yeye akasema linambembeleza, au linamuumiza. Nilipendelea wakati ule walipokuwa wanamcheka. Kuna mara nilimwuliza, "Matroni, sasa la nini?" Akaniambia, "Nataka tu nijue lingekuwa lipi." Sikumwuliza tena.

Lami ilifika. Ilifika kama vitu vyote vinavyofika kwa kuchelewa, bila aibu, na watu wakaisherehekea kama vile haikuchelewa. Matroni alikuwa ameanza kutembelea fimbo na sikio moja lilikuwa halisikii vizuri. Mwaka jana mkwe wangu, baba yake mume wa Neema, alikuja kututembelea na gari jeusi jipya, la kifahari kuliko yote niliyowahi kuyashika. Nilijua hodi itapigwa, na ilipigwa. Akalala nyuma na kikombe chake. Ilibidi nimsaidie kukunja magoti.

Tukaenda mpaka kwenye reli. Barabara ilikuwa imenyooka, na gari lilikwenda bila sauti, upepo wa baridi unatoka kila mahali. Nilimtazama kwenye kioo, macho ameyafumba. Nikageuza, nikarudi, nikasimamisha uani kwangu mkwe akiwa amesimama anatuangalia.

"Tumefika, Matroni."

Alifumbua macho, akatazama maji, akapapasa khanga. Kavu. Nikasubiri hukumu.

"Huyu ni Mjapani au Mjerumani?" aliuliza.

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Alikuwa akiwajua kwa mgongo, tukiwa hata hatujafika kona ya kwanza.

"Mjerumani," nilisema.

"Nilidhani Mjapani." Akapapasa khanga tena. "Siisikii tofauti yao tena. Kwenye lami wote ni wamoja, Baba Neema. Hata lile la yule mfugaji lingekuwa hivihivi."

"Ndiyo, Matroni."

"Alisema atauma kitambaa."

"Nilimsikia."

"Basi angefika," alisema. "Angepata maumivu, na angefika."

Nilitaka kumwambia hapana, nitafute uongo wowote, niseme lingekwama, nilishasema mwenyewe kwamba magari ya chini yanakwama. Lakini kiangazi kile njia ilikuwa kavu, na dereva ningekuwa mimi, na mimi naijua ile njia. Angefika. Nikayaondoa macho yangu kwenye kioo, na yeye akaelewa.

"Kuna baridi humu," alisema baadaye. "Niombee blanketi."

Nikamwita mke wangu. Akatafuta kabatini, akatafuta chini ya kitanda, lakini nani ana blanketi Ifakara? Akaleta shuka, la maua, safi. Nikalitandaza juu ya Matroni vizuri, miguu mpaka mabega. Akalishika kwa vidole, akalisugua kidogo kama anavyosugua kitambaa mtu anayenunua.

"Hili ni shuka," alisema.

Akalikunja taratibu, hapohapo alipolala, akanirudishia. Akaomba mkono, akashuka, akavaa kandambili zake na kwenda kwake bila kutoa hukumu yoyote. Kikombe kilibaki kwenye kiti cha nyuma na maji yake. Nilimpelekea jioni ile ile. Aliniambia nirudi nacho, hakihitaji.